Nimeanza kujifunza ilimba (ala ya Wagogo) nikiwa na miaka 41 hapa Dodoma, na masikio yangu yamebadilika

#1 Mleta uzi

Mbukwenyi wakuu.

Humu jukwaani nimesoma nyuzi nyingi za muziki: nani mkali, nani kamfunika nani, nani kajaza uwanja. Leo naomba tuongelee upande ambao hauna mashabiki wala tuzo, yaani raha ya muziki kwa mtu ambaye si mwanamuziki. Hatapanda jukwaani, hatarekodi, hatalipwa, ila jioni akishavua viatu vya kazini anakaa barazani na kupiga.

Mimi ni mhasibu, mtumishi wa umma. Nililetwa Dodoma mwaka 2017 wizara zilipokuwa zinahama, nikapanga Nkuhungu. Kwetu ni Tanga. Nimelelewa kwenye nyumba ya taarabu. Mama alikuwa hapiki bila Shakila kuimba redioni, na mimi nikakua nikiamini muziki ni kitu cha kupokea tu, kama harufu ya pilau inayotoka kwa jirani. Kupiga ni kazi ya waliojaliwa.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anaishi mzee mmoja, Mgogo wa upande wa Bahi, mlinzi wa usiku kwenye ghala. Siku ambazo haingii lindo, umeme ukikatika, alikuwa anatoka nje na kitu mapajani. Mara ya kwanza nilisikia nikadhani ni redio iliyochanika spika. Kila sauti inakuja na mvumo juu yake, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti. Nikamwambia mke wangu redio ya jirani imekufa. Kesho yake nikapita kumwamkia, akanionyesha. Sanduku la mti, juu yake vyuma bapa vimepangwa, vingine virefu vingine vifupi, na kwenye sanduku kuna tundu limezibwa kwa utando mweupe mwembamba kama karatasi ya sigara. Ule utando ni wa buibui, wale wa ukutani wanaofunika mayai yao. Mvumo unatoka hapo, na umewekwa makusudi. Babu (nimezoea kumwita hivyo) alisema bila utando ilimba inakuwa kama mtu anayeongea akiwa amelala.

Nilikuwa naenda kusikiliza tu. Baada ya kama mwezi akaniwekea ile ilimba mapajani bila kuniuliza.

Alinifundisha kitu kimoja. Kimoja tu. Gumba la kulia chuma hiki, la kushoto kile, la kulia tena, halafu viwili pamoja. Ukimaliza unaanza upya. Kwa wiki tatu nzima kila nikienda nilikuwa napiga hicho hicho, na yeye anaendelea na shughuli zake, anashona kiatu, anapepeta mchele, wala haniangalii. Wiki ya kwanza vidole viliuma. Ya pili nilichoka, nikawa naona kama ananipotezea muda. Wiki ya tatu kikawa kinatoka chenyewe hata nikiwaza mambo ya ofisini.

Ndipo siku moja akaja na ilimba nyingine ndogo, akakaa mkabala na mimi, akaanza cha kwake juu ya changu. Wakuu, sijui niseme vipi. Nilisikia wimbo ambao mimi sikuwa naupiga na yeye hakuwa anaupiga. Nilimtazama vidole nikadhani anaongeza kitu, haongezi. Wimbo ulikuwa unatoka katikati, pale vyuma vyangu vinapopishana na vyake. Niliacha kupiga kwa mshangao, ukapotea papo hapo. Nikarudia, ukarudi. Tulikaa hivyo hadi shemeji yenu akaja kuniita chakula mara mbili.

Tangu siku ile sisikilizi muziki kama zamani. Nikiweka zile taarabu za mama, za Black Star na Lucky Star za kwetu Tanga, sauti ya Shakila ipo palepale, lakini sasa nasikia besi inavyomwandalia mahali pa kukanyaga kabla hajafika. Miaka arobaini ilikuwepo na sikuwahi kuisikia. Kwenye daladala nikisikia bongo fleva natafuta nani anamjibu nani.

Naomba kusikia kwenu. Mnapiga nini, kwa ajili ya nani, na kupiga kumewafanyia nini masikioni?

#2 Mdau wa Kizota

Siti ya mbele. Mimi nina zeze nyumbani, nilinunua barabarani Chamwino, ila limetundikwa ukutani. Nilijaribu kupitisha uta, halitoi hata mlio. Nikajua nimeuziwa pambo.

#3 Binti Mvumi

Kaka wa Kizota, kabla hujalilaumu zeze, umepaka ulimbo? Uta wa zeze ni nyuzi za katani. Katani kavu juu ya waya inateleza tu, haishiki. Chukua utomvu mkavu wa mti, sugua uta mpaka uone unga mweupe, halafu sugua tena. Kisha vuta polepole, usikandamize. Jaribu leo, urudi hapa utuambie.

#4 Mjukuu wa Reli

Mleta uzi, hongera sana, umeandika vizuri, ila kuna mahali naomba tubishane kwa upendo.

Umesema ulikuwa "unapokea tu", kama vile kusikiliza ni nusu ya raha na kupiga ndiyo raha yenyewe. Mimi sikubali, na nitakwambia kwa nini.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Dodoma. Hajawahi kushika ala yoyote. Lakini sijaona mtu aliyejua kusikiliza kama yule mzee. Redio yake ilikuwa na kitambaa cha kuifunika, na wakati wa vipindi vya muziki wa RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) watoto wote tulikuwa tunaketi chini. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 60 na 70 zilirekodiwa studio za RTD, na redio ndiyo ilizileta mpaka kwetu, kwa sababu sahani za santuri hazikuwa kitu cha kila nyumba. Bendi za NUTA Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na Mbaraka Mwinshehe wa hapo jirani zetu Morogoro.

Babu alikuwa na utaratibu. Wimbo ukianza, anasikiliza mashairi, kimya. Anataka ujumbe kwanza. Yakiisha mashairi, chemko (ile sehemu ya kuchezea) likiingia, anainua kidole kimoja hivi, na kidole hicho kinafuata gitaa la pili. Si la solo! Kila mtu nyumbani alikuwa anasikia solo la Mbaraka, na kwa haki, maana yule bwana gitaa lilikuwa linazungumza. Babu anafuata lile la pili, linalorudia kitu kimoja toka chemko linaanza hadi linaisha. Akikuona unacheza kwa kulifuata solo anakwambia, "Huyo anatembea. Msikilize anayemshikia taa."

Mbaraka alipofariki kwa ajali Mombasa Januari 1979, baba anasema mzee alikaa siku nzima bila kufungua redio. Mtu ambaye hajawahi kupiga hata kopo.

Kwa hiyo hicho ulichokigundua kwenye ilimba ukiwa na miaka 41, cha kupishana na kujibizana, mzee wangu alikuwa nacho kwa masikio matupu. Raha ya msikilizaji ni nzima, haipungui.

#5 Mleta uzi

Mkuu Mjukuu wa Reli, nimesoma mara tatu. "Anayemshikia taa." Nimekubali kwamba nimemkosea msikilizaji. Mama yangu naye alikuwa hivyo. Alikuwa anajua Shakila atavuta pumzi wapi, na mwiko wake ulikuwa unasimama sufuriani hapo hapo.

Ila bado nabaki na kitu. Babu yako alizaliwa na masikio yale, au aliyapata kwa miaka ya kukaa na redio. Mimi nilikaa na redio hiyo hiyo na sikuyapata. Nilihitaji mikono inifundishe. Labda tuseme kuna watu mlango wao ni sikio na kuna sisi ambao mlango wetu ni vidole.

#6 Binti Mvumi

Naomba niingie kama mwanamke wa Kigogo, maana uzi unaweza kuisha wanaume mkiongelea ilimba na magitaa tu.

Kwetu ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Si kushangilia pembeni, ni kupiga. Ngoma ina kiuno chembamba, unaibana kati ya mapaja ukiwa umesimama, mikono miwili huru. Kabla ya kuanza tunazipasha motoni ili ngozi ikaze, na kila mama anaigonga yake karibu na sikio, anairudisha motoni, anaigonga tena. Wageni wakiona hapo wanadhani bado hatujaanza. Mimi nawaambia raha inaanza pale, kwenye kugonga na kusikiliza, harufu ya ngozi na moshi.

Nilianza kubana ngoma nikiwa na miaka kama tisa. Nilipewa ndogo na mahali pa pembeni. Bibi yangu hakunifundisha kwa maneno. Alinisimamisha katikati ya yeye na mama mkubwa, hivyo kushoto kwangu kuna mpigo mmoja na kulia kuna mwingine, na mimi natakiwa nikae kwenye nafasi iliyobaki. Mara ya kwanza nilivutwa na bibi nikawa napiga cha kwake. Akanigusa kwa goti. Nikahamia kwa mama mkubwa, akanigusa kwa goti naye. Ilichukua misimu miwili kupata cha kwangu, na nilipokipata nilijua mwilini kabla sijajua kichwani, tumbo lilitulia.

Ndiyo maana swali la "kusikiliza au kupiga" kwangu linanipa tabu. Ukibana ngoma kwenye muheme bila kusikiliza, unaharibu ya wenzako. Na wale waliokaa pembeni wakipiga makofi na vigelegele, ukiwaondoa sisi wapigaji tunapoa. Hakuna aliyekaa tu. Hata njuga za miguuni za wachezaji ni sehemu ya mpigo. Mchezaji akikosea hatua, ngoma inasikia.

Sasa hivi ninaishi Area D, nyumba ya kupanga, siwezi kupiga ngoma saa mbili usiku. Napiga mezani kwa viganja nikisubiri ugali uive. Mwanangu wa miaka saba ameanza kuingiza cha kwake. Sijamwambia afanye hivyo.

#7 Mdau wa Kizota

Dada, LIMELIA. Nimepaka utomvu kama ulivyosema. Mlio wa kwanza umetoka nikashtuka mwenyewe. Bado ni wa kukwaruza lakini ni sauti. Asante sana. Limeshuka ukutani rasmi.

#8 Mdau mpya

Mleta uzi, mbona usirekodi uweke YouTube? Watu siku hizi wanatengeneza hela kwa vitu vidogo zaidi ya hivyo. Una kipaji unakikalia.

#9 Mleta uzi

Mkuu, nakushukuru kwa nia njema. Sijakataa kwamba mtu afaidike na sanaa yake, na wanaoishi kwa muziki wanastahili kila shilingi. Lakini kazi yangu mchana kutwa ni namba zinazokaguliwa. Jioni nataka saa moja ambayo haikaguliwi na mtu. Nikiweka kamera pale nitaanza kupiga kwa ajili ya kamera. Sitaki.

Niwape kisa cha kosa langu, kinahusiana.

Mwaka jana nilinunua ilimba yangu mwenyewe, Babu akanichagulia kwa fundi anayemjua. Kama mhasibu, nikapakua programu ya simu ya kupima sauti, ile yenye mshale. Nikapiga chuma cha kwanza, mshale ukakaa sawa. Cha pili, mshale ukaonyesha kiko chini. Kingine chini zaidi. Nikaona fundi amenionea. Jumapili nzima nikakaa na nyundo ndogo nikivisukuma vyuma kimoja kimoja. Ukirefusha ncha ya mbele sauti inashuka, ukifupisha inapanda, ni rahisi. Mpaka jioni mshale wote kijani. Nikaenda kwa Babu kwa furaha.

Alipiga mara moja. Hakusema kitu. Akachukua nyundo yangu, akaanza kuvirudisha, sikio karibu na sanduku, anaimba kwa sauti ya chini kama anamwita mtu ndani. Ilimchukua muda mfupi kuliko sala. Kisha akanipa, nikapiga kile kipande changu cha wiki tatu, na mvumo ukarudi. Nilikuwa sijajua hata kama ulikuwa umeondoka. Kwa ule upimaji wangu wa simu vyuma vilikuwa "sahihi" na vilikuwa havisikilizani.

Sijaelewa mpaka leo ni kwa nini. Kuna mtaalamu humu?

#10 Mpiga kinanda, Mpwapwa

Nijaribu, mkuu. Mimi napiga kinanda kwenye kwaya, na hili jambo limewahi kunikosesha usingizi.

Chukua waya mmoja wa zeze au gitaa. Uguse katikati kidogo tu bila kukandamiza, piga: utasikia sauti ile ile ya juu. Gusa kwenye theluthi, nyingine. Kwenye robo, kwenye moja ya tano, moja ya sita, na kuendelea. Zote hizo zimo ndani ya waya, ukipiga waya wazi zinalia kwa pamoja, sikio linazichanganya. Sasa sauti za Wagogo, katika kuimba kwao na katika ilimba, zimekaa kwenye ngazi hiyo, kuanzia sauti ya nne (ile ya robo) hadi ya tisa. Hazijakaa kwenye ngazi ya kinanda changu.

Kinanda kimegawanywa kwa hatua kumi na mbili zinazolingana ili uweze kuhama ufunguo bila kukiweka upya. Ni faida kubwa, lakini kuna bei yake. Sauti ya tano ya waya iko chini kidogo ya ile ninayoibonyeza mimi. Sauti ya saba iko chini zaidi, karibu theluthi ya nusu-toni, hata sikio la kawaida linasikia. Simu yako ilikuwa inapima kwa kinanda. Ulipovisukuma vyuma vikafuata kinanda, vikaacha kushikana vyenyewe kwa vyenyewe. Babu yako alivirudisha pale vinapoitikiana. Na huenda ule utando wa buibui unaitikia zaidi sauti zikishikana.

Niongeze la kwangu. Kwaya yetu tulikuwa tunaimba nyimbo za vitabuni zilizofasiriwa zamani. Dayosisi ya Central Tanganyika ina historia toka 1927, na wamisionari walikuwa wametangulia kufika Mpwapwa miongo mingi kabla ya hapo, kwa hiyo nyimbo hizo ni za vizazi. Ni nzuri, nimekua nazo. Ila kwenye nyimbo za Cigogo kina mama walikuwa wanaimba sauti fulani "chini" na mimi nilikuwa nawakemea. Nilibonyeza kinanda kwa nguvu ili wanifuate. Miaka! Siku moja umeme ukakatika katikati ya ibada, wakaendelea bila mimi. Ilikuwa kwaya nyingine kabisa. Sauti zilifunga kama mlango mzuri unavyofunga. Nilikaa kwenye kiti nimeweka mikono magotini nikasikiliza.

Tangu hapo nyimbo zile nazima kinanda na kushika kayamba. Niliwaomba radhi kina mama mmoja mmoja. Mwenyekiti wao akaniambia, "Mwanangu, tulidhani unajua."

#11 Mjukuu wa Reli

Mpiga kinanda, umenitoa machozi hapo mwishoni.

#12 Mdau wa Kondoa

Wakuu, swali la vitendo. Mimi napiga gitaa kavu, nililitoa Dar. Msimu wa pili tu hapa kati uso wa gitaa ukapasuka mstari. Kuna wanaosema ni gitaa bovu. Je, ilimba na zeze zinapasuka pia?

#13 Mleta uzi

Mkuu, ni ukavu wa huku. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili au karibu, halafu miezi mingi ni upepo na vumbi. Mbao iliyozoea unyevu wa pwani ikifika huku inasinyaa, na vipande vya mbao vilivyogundishwa kukingama ndani yake vinaizuia, ndipo inapopasuka. Lifungie kwenye mkoba wake na kitambaa chenye unyevu ndani ya kichupa kilichotobolewa, kisiguse mbao. Usiliache garini, usilitundike ukuta unaopigwa na jua la jioni. Legeza nyuzi ukisafiri.

Ala za huku zimechongwa kwa mti wa huku, ukavu zimeuzoea. Shida yao ni nyingine: vumbi linakaa chini ya vyuma na mlio unafifia. Babu anapulizia kwa mrija wa soda.

#14 Mdau mpya

Nimeelewa kuhusu kurekodi, mkuu, samahani kama nilikukwaza. Lakini niulize kwa dhati: si muziki wa wazee huu? Watoto wetu wanaozaliwa Kisasa na Ilazo hapa mjini watausikia wapi? Mimi mwenyewe ni Mgogo na sijawahi kuugusa.

#15 Binti Mvumi

Kaka yangu, hujamkwaza mtu. Nenda Chamwino Ikulu. Kila mwaka, majira ya Julai, kuna tamasha la muziki wa Cigogo pale, vikundi vinatoka vijijini, na utaona watoto wadogo wa shule wanaopiga ilimba kuliko mjomba wako. Kazi hiyo imesukumwa sana na Dk. Kedmon Mapana, Mgogo mwenzetu, kabla hajawa Katibu Mtendaji wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa). Kuna mtafiti wa Hispania, Polo Vallejo, amekuja miaka na miaka kijiji cha Nzali kusikiliza tu na kuandika kile ambacho sisi tunakipita tukienda dukani.

Na Hukwe Zawose unamjua? Alitoka huku kwetu, akahamia Bagamoyo, akafundisha, akapeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia mpaka kurekodi na Real World ya Peter Gabriel. Alifariki Desemba 2003. Watu wengi wanadhani ndipo ilipoishia. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose wametoa albamu yao inaitwa Maisha. Ni wanawake, wa ukoo ule ule, na zamani wanawake wa ukoo walikuwa nyuma wakiitikia. Mimi niliisikiliza nikiwa nafua. Niliacha nguo kwenye beseni.

Unauliza mtoto wa Kisasa atausikia wapi. Mpigie. Huna ala? Una viganja. Mpe mpigo mmoja, wewe chukua mwingine, msifanane.

#16 Mjukuu wa Reli

Nimerudi na ripoti, mleta uzi.

Baada ya ule ubishi wetu nilitafuta zile nyimbo za mzee, nikaziweka usiku, taa nimezima. Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi: nikachukua kiberiti nikawa nagonga lile gitaa la pili mezani. Sikuweza. Nilidhani nalijua, nimelisikia maisha yangu yote. Linaingia mahali ambapo sivyo nilivyodhani, linaanza baada ya mpigo, si juu yake. Ilinichukua siku nne. Ya tano lilikaa, na nilipolikamata nikaona kidole cha babu kilivyokuwa kinainuka. Kilikuwa kinainuka pale pale. Miaka yote ile nilidhani kinayumba tu.

Kwa hiyo alikuwa anapiga. Kwa kidole kimoja, hewani, bila ala.

Sijui sasa nimeshinda ubishi au nimeshindwa. Naomba namba ya fundi wa ilimba, nitumie faragha.

#17 Mleta uzi

Nimekutumia, mkuu.

Wakuu, ni miezi imepita, nilitaka kuwapa habari. Mvua zilipoanza Babu aliacha lindo akarudi Bahi kulima. Nilimsindikiza stendi na mzigo wake. Ilimba yake kubwa ameondoka nayo, ile ndogo aliyokuwa akipigia mkabala na mimi ameniachia, kasema nisiiache ikae kimya.

Wiki iliyofuata utando kwenye ilimba yangu ukatoboka. Nikapiga, ikawa sauti safi tu, kavu, kama kengele ya shule. Nilijaribu karatasi ya sigara, mfuko wa nailoni, karatasi ya ndani ya chokoleti ya mtoto. Nailoni ilitoa mvumo lakini wa hasira. Nikampigia simu Babu, akacheka, akaniambia nyumba yangu ni mpya mno na shemeji yenu anafagia mno, niende kwenye nyumba ya zamani, nyuma ya mlango wa jiko au stoo, chini ambapo ufagio haufiki.

Jumamosi nimezunguka kwa watu wanne, Majengo na Chang'ombe, naomba ruhusa ya kuangalia nyuma ya milango. Bibi mmoja Chang'ombe alielewa kabla sijamaliza sentensi, akaniita stoo, akashika taa. Vilikuwepo vitatu, vyeupe, bapa, mviringo kama sarafu ya mia. Kimoja mayai yalishatoka. Nimekibandua kwa wembe, nimekigandisha kwa mate na utomvu kidogo kama alivyoelekeza, nikaacha kikauke hadi magharibi.

Nimepiga kile kipande cha kwanza. Mvumo umekuja. Mtoto wangu mkubwa, aliyekuwa na simu yake sebuleni muda wote, katoka, akachukua ile ilimba ndogo ya Babu, akakaa mkabala na mimi, akauliza aanzie chuma gani.